Kuwalisha Nyuki wa Uani Shira ya Sukari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yanamhusu mtu mwenye mzinga mmoja, miwili au mitatu karibu na nyumba yake, hasa katika Tanzania na Kenya, ambako nyuki wanaofugwa ni wa asili ya hapa hapa. Miongozo mingi inayosomwa kuhusu shira iliandikwa kwa ajili ya nyuki wa Ulaya na kwa nchi zenye majira ya baridi kali. Tofauti hiyo inabadilisha majibu kadhaa, na tumeieleza kila inapohusika.

Je, ni lazima niwalishe nyuki wangu?

Mara nyingi si lazima. Kundi lenye afya, ambalo mwenyewe hakulivuna kupita kiasi, hujitafutia mbochi (maji matamu ya maua) na chavua na kuvuka miezi migumu kwa akiba yake. Shira ni chakula cha dharura na cha muda mfupi, kinachotolewa pale ambapo akiba imekwisha na maua hayapo, au pale ambapo kundi changa limeingia katika mzinga usio na sega hata moja. Mfugaji anayelazimika kulisha kila mwaka katika majira yale yale anapaswa kujiuliza kwanza kama hachukui asali nyingi mno wakati wa kurina. Mara nyingi njaa ya Februari huanzia katika ndoo aliyoijaza mwenyewe miezi michache kabla. Kuacha masega mawili au matatu yenye asali iliyofunikwa kwa nta ni lishe bora kuliko shira yoyote, na haigharimu sukari.

Kwa nini basi miongozo ya Ulaya na Marekani husisitiza sana kulisha?

Kwa sababu huko kundi hufungiwa na baridi kwa miezi kadhaa bila kutoka, na huhitaji akiba kubwa ya kuliwezesha kukaa limejikusanya na kujipasha joto. Mfugaji wa huko akirina asali yote, hana budi kuirudishia mizinga shira nzito kabla ya baridi kuingia.

Nyuki wetu ni wa namna nyingine. Katika nyanda za juu na savana wapo wale ambao wataalamu huwaita Apis mellifera scutellata, ukanda wa pwani una litorea, na katika misitu ya milima kama Kilimanjaro na Mlima Kenya wapo monticola, ambao ni weusi zaidi na wapole kidogo. Nyuki wa savana na pwani huongeza kizazi haraka mvua inapoleta maua, hugawanyika mara kwa mara, na chakula kikiadimika hawajifungii kusubiri bali huhama mzinga wote, malkia na vibarua wake, kutafuta mahali penye maua. Kwa hiyo anayefuga Morogoro au Machakos hulisha kwa shabaha tofauti na anayefuga Uingereza: anataka kundi lisife wala lisihame katika wiki chache za ukame au za mvua isiyokatika.

Nitajuaje kwamba kundi lina njaa?

Njia nyepesi kuliko zote ni uzito. Inua upande mmoja wa mzinga kwa mkono mmoja kila baada ya wiki mbili au tatu, na baada ya muda mkono utaizoea hali ya kawaida kiasi cha kutambua mzinga uliopungua kabla hujaufungua. Ukifungua jioni kwa moshi kidogo, tazama masega ya pembeni, mbali na majana (watoto wa nyuki wanaolelewa ndani ya sega): yakiwa makavu kabisa, na juu ya majana hakuna ule ukanda wa asali unaopaswa kuwapo, kundi linaishi kwa kile linachokileta siku hiyo hiyo.

Dalili nzito zaidi ni majana yaliyotolewa nje na kutupwa mlangoni, kwa maana nyuki wenye njaa huacha kulea na hata kufyonza majana yao wenyewe, na nyuki waliokufa wakiwa wamezamisha vichwa ndani ya vyumba vya sega, mikia tu ikionekana. Ukiikuta hali hii ya mwisho, lisha usiku huo huo.

Mjini kuna dalili nyingine ambayo watu huiona bila kuifikiria. Nyuki wanapozingira vibanda vya juisi ya miwa, chupa za soda na majiko ya wauza visheti kwa wingi usio wa kawaida, ujue maua ya eneo hilo yamekwisha, na pengine hao ni wa mzinga wako.

Njaa huja miezi gani?

Hakuna kalenda moja. Katika ukanda wa pwani, kiangazi cha Januari na Februari hukausha maua mengi, lakini minazi hutoa maua mwaka mzima, na mzinga uliozungukwa na minazi mara nyingi hauhitaji msaada wowote. Masika nayo huleta njaa ya aina yake: maua yapo, lakini mvua huwazuia nyuki kutoka na huosha mbochi. Wafugaji wengi husahau njaa hii ya mvua, wakidhani kwamba kijani kilichoenea kila mahali ni chakula. Katika misitu ya miombo, kama ile ya Tabora na Katavi, miti mingi huchanua kabla ya mvua kuanza, wakati ardhi bado ni kavu, kwa hiyo mtu anayetazama majani makavu tu anaweza kulisha nyuki walio katikati ya neema. Andika mwenyewe, kwa miaka miwili hivi, ni miti ipi inachanua karibu nawe na mwezi gani. Daftari hilo litakufaa kuliko kalenda ya mtu wa mkoa mwingine.

Nitumie sukari gani?

Sukari nyeupe ya miwa, ile safi ya kawaida isiyoongezwa kitu. Sababu ni kwamba sukari nyeupe ni sukrosi karibu tupu, na nyuki huimeng'enya sukrosi vizuri kwa kimeng'enya kinachotoka katika tezi zao, wakiigawa kuwa glukosi na fruktosi, jinsi wanavyofanya kwa mbochi ya maua. Madini na mabaki ya miwa yaliyomo katika sukari isiyosafishwa hubaki tumboni bila kumeng'enywa na huweza kuwaharisha.

Hapa swali la kweli ni kuhusu sukari ya kahawia hafifu inayouzwa madukani kwetu, kwa sababu katika miji mingi hiyo ndiyo sukari ya kawaida na nyeupe kabisa hugharimu zaidi. Katika nchi za baridi onyo dhidi yake ni kali, kwani nyuki waliofungiwa kwa wiki nyingi hawana njia ya kutoka kujisaidia na huchafua mzinga wote. Nyuki wetu hutoka karibu kila siku, na kwa sababu hiyo kilo mbili tatu za sukari ya kahawia hafifu, katika dharura na kwa siku chache, si jambo la kuogofya. Nyeupe ikipatikana, chagua nyeupe. Sukari guru na molasi, hata hivyo, usiwape kabisa, hata kama muuzaji anakuambia kwamba ni za asili na zina virutubisho zaidi. Virutubisho hivyo vinamfaa binadamu na vinawadhuru nyuki.

Usitumie pia sukari za bandia za wagonjwa wa kisukari, mabaki ya soda, jamu, wala peremende zilizoyeyushwa.

Vipimo ni vipi?

Shira nyepesi ni kilo 1 ya sukari kwa lita 1 ya maji, na hutoa takriban lita 1.6. Shira nzito ni kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji, na hutoa zaidi kidogo ya lita 2. Asiye na mizani anaweza kupima kwa kikombe kimoja kwa pande zote mbili; tofauti itakayotokea ni ndogo na nyuki hawataijali.

Nyepesi hufanana zaidi na mbochi, huwachochea nyuki kulea na kujenga masega, na hufaa kundi changa. Nzito hufaa pale unapotaka kundi lipate akiba bila kutumia nguvu nyingi kukausha maji, jambo ambalo ni la maana zaidi wakati wa mvua, kwa sababu hewa yenye unyevu hukausha shira polepole. Katika hali ya kawaida ya kwetu, mtu akichagua nyepesi peke yake maisha yake yote ya ufugaji hatakosea sana.

Je, niichemshe shira?

Chemsha maji, epua, kisha mimina sukari na koroga mpaka maji yawe angavu. Usiirudishe sufuria motoni. Sukari inayoungua, hata kidogo chini ya sufuria, huwadhuru nyuki, na joto kali la muda mrefu, hasa likikutana na tindikali, huzalisha kemikali iitwayo haidroksimethilifurfurali, ambayo ni sumu kwa nyuki. Kemikali hiyo hiyo hupimwa katika asali kama kipimo cha uchakavu na joto: kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, huruhusu miligramu 40 katika kilo ya asali, na 80 kwa asali inayotoka katika nchi za joto.

Acha shira ipoe kabisa kabla ya kuipeleka mzingani. Maji ya bomba yanafaa, na ya mvua au ya kisima yanafaa pia yakiwa safi. Kuhusu vyombo, tahadhari moja inastahili kurudiwa: usichanganyie wala kuhifadhia shira katika kidumu kilichowahi kubeba dawa ya mimea au ya kupe, hata kama kimeoshwa mara nyingi kiasi gani.

Niongeze limau, siki au chumvi?

Hapana. Ushauri wa zamani wa kutia limau ulikusudia kuivunja sukrosi mapema ili kuwapunguzia nyuki kazi, lakini nyuki hawahitaji msaada huo, na tindikali pamoja na joto ndiyo njia hasa ya kutengeneza sumu iliyotajwa hapo juu.

Naweza kuwapa asali badala ya sukari?

Asali ya mzinga huo huo, ndiyo. Asali ya dukani, ya sokoni au ya mzinga wa mtu mwingine, usiithubutu. Ugonjwa wa kuoza majana unaosababishwa na bakteria Paenibacillus larvae huenezwa na mbegu zake zinazoweza kukaa ndani ya asali kwa miongo kadhaa zikiwa hai, bila asali kubadilika ladha, harufu wala rangi, na bila kumdhuru mlaji wa kibinadamu. Afrika Kusini iliupata mlipuko wa ugonjwa huo katika jimbo la Rasi ya Magharibi, karibu na mwaka 2009, na waliohusika wanajua ulivyo mgumu kuuondoa. Hakuna kitu kingine katika ukurasa huu kinachoweza kuleta hasara ya kudumu kama hiki.

Shira iwekwe katika chombo gani?

Chombo chochote kinachotimiza masharti matatu: kiwe ndani ya mzinga, kisiwazamishe nyuki, na kisivuje.

Kwa mzinga wa Langstroth, ule wa masanduku yenye fremu, njia rahisi ni chupa ya kioo au kopo lenye kifuniko cha kubana, ambalo kifuniko chake hutobolewa matundu sita hadi kumi kwa msumari mwembamba, takriban milimita 1 kila tundu. Lijaze shira, lifunge, lipindue juu ya ndoo na usubiri mpaka matone ya kwanza yakome, kisha liweke kifudifudi juu ya fremu ndani ya sanduku tupu, na ufunike mzinga kwa mfuniko wake wa kawaida. Utupu wa hewa ndani ya chupa huizuia shira isimwagike, na nyuki huivuta kwa ndimi zao tundu kwa tundu. Ukisahau kulipindua kwanza juu ya ndoo, matone yale ya mwanzo yatamwagikia nyuki na kuingia chini ya mzinga, na hapo umewaita wezi. Kosa la kawaida zaidi ni kutoboa matundu makubwa. Tundu la msumari wa paa humwaga shira yote kwa saa chache, hasa mchana wa jua unapopasha hewa iliyomo ndani ya chupa na kuisukuma shira nje.

Kwa mzinga wa viunzi vya juu, uwe ule wa Kenya uliobuniwa miaka ya 1970 au wa Kitanzania wenye pande zilizosimama wima, hakuna nafasi ya kuweka chupa juu kwa sababu viunzi hugusana. Tumia nafasi iliyo nyuma ya ubao wa kutenganishia: sogeza ubao uache upenyo wa sentimita 1 chini, kisha weka nyuma yake sahani au kisado kifupi chenye shira. Ndani ya shira tia vijiti vingi, majani makavu ya mnazi yaliyokatwakatwa au vipande vya kizibo, vinavyoelea na kumpa kila nyuki mahali pa kusimama. Nyuki hawajui kuogelea, na sahani tupu yenye shira ya kina cha vidole viwili inaweza kuua mamia kwa usiku mmoja.

Mfuko wa plastiki wenye zipu, ukijazwa shira nusu, ukalazwa na kukatwa mkato mdogo juu kwa wembe, hufanya kazi vizuri katika mzinga wa Langstroth, lakini haukai vyema katika joto kali.

Na katika mzinga wa gogo?

Ni vigumu, na kwa kawaida haifai kujaribu. Mzinga wa gogo au wa gome uliotundikwa mtini haukutengenezwa ili ufunguliwe kila wiki, na kuupandia usiku ukiwa na shira mkononi ni hatari kuliko faida itakayopatikana. Waliouvumbua walitatua suala hili kwa kutundika mizinga mingi na kukubali kwamba baadhi itahamwa na kukaliwa tena mvua zinaporudi.

Kwa nini niambiwe nisilishe mchana?

Kwa sababu ya uporaji, na kwa sababu ya watu. Nyuki watafutao chakula wakigundua shira mchana, huwapelekea habari wenzao ndani ya mzinga, na hao wasipojua mahali hasa hutafuta kila upande. Baada ya muda mfupi nyuki wa mizinga ya jirani, na wa porini ambao hukujua kwamba wapo, huanza kuingia katika mzinga dhaifu kwa nguvu. Wenyeji hupigana mlangoni, hujeruhiwa, hutoa harufu ya tahadhari ambayo watu wengi huilinganisha na ndizi mbivu, na harufu hiyo huamsha mzinga wote. Kundi la scutellata lililofika hapo haliulizi nani mwenye kosa; litamfuata mbuzi aliyefungwa, mtoto anayetoka shule na jirani anayeanika nguo.

Kwa hiyo lisha giza linapoingia, nyuki wote wakiwa wamerudi, ukiwa umevaa vazi la kinga lote na bomba la moshi likiwa limewaka vizuri. Tumia taa yenye kioo chekundu kama unayo, kwa sababu nyuki hawaioni rangi nyekundu vizuri. Shira inayotosha usiku mmoja huwa imekwisha asubuhi au imepungua sana. Punguza mlango wa mzinga dhaifu ubaki upenyo wa nyuki wawili watatu, ili walinzi wachache waweze kuulinda. Ukimwaga shira, mwagia maji mengi papo hapo, au funika kwa udongo.

Kwa sababu hizo hizo, vile vyombo vinavyochomekwa mlangoni na kuonyesha chupa kwa nje, ambavyo huuzwa pamoja na mizinga ya kisasa, havifai kwa nyuki wetu. Na sahani ya shira iliyowekwa wazi uani ili kila nyuki ajilie haifai kabisa: hulisha zaidi nyuki wasio wako, hueneza magonjwa kutoka kundi hadi kundi, na hugeuza ua kuwa uwanja wa vita. Tuseme pia jambo ambalo wauzaji wa mizinga hawalisemi: ua ambao ndani yake unamsikia jirani akisonga ugali ni mdogo mno kwa nyuki wanaouma, kwa shira au bila shira.

Nizuieje sisimizi na siafu?

Utamu huwaita kabla hujafika nyumbani. Kama mzinga umesimama juu ya miguu, kila mguu uwe ndani ya kopo lenye oili chafu, na majani yasiguse mzinga popote, kwani jani moja ni daraja. Kama umetundikwa kwa waya, paka waya grisi na uirudishie kila inapokauka. Siafu wakishaingia ndani ya mzinga hakuna la kufanya usiku huo, na kundi likinusurika ni kwa kuhama.

Nitoe kiasi gani, na niache lini?

Kundi lenye njaa kali lipe lita 1 jioni ya kwanza, na nyingine jioni inayofuata. Baada ya hapo nusu lita hadi lita 1 kila baada ya siku mbili tatu inatosha kwa kundi la kawaida, na unapima kwa kutazama: wakimaliza haraka na masega bado ni matupu, ongeza, wakianza kuijaza katika vyumba ambamo malkia alipaswa kutaga, umezidisha. Kulisha kupita kiasi humnyima malkia nafasi, na kundi lililosongamana hujiandaa kugawanyika.

Acha mara tu unapoona mbochi mpya inaingia. Ishara zake ni nta nyeupe mpya kwenye kingo za masega, nyuki wanaorudi wakiwa wazito na kutua chini ya mlango, na chupa yako inayoachwa bila kuguswa. Kwa vyovyote vile, chombo cha shira kiwe kimeondolewa kabla ya kuweka sanduku la asali juu.

Nimeweka shira na hawainywi. Kuna nini?

Huenda maua yamechanua na wamepata kilicho bora. Huenda chombo kiko mbali na kundi, na nyuki wachache walio dhaifu hawafiki huko. Kisogeze karibu na majana. Huenda shira imechacha. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa shira nyepesi huanza kubadilika ndani ya siku tatu hadi tano, hutoa povu na kunuka kama togwa lililolala, na hiyo mwage mbali na mzinga, osha chombo kwa maji ya moto na utengeneze nyingine. Ndiyo maana ni bora kutengeneza kidogo kidogo. Shira nzito hudumu zaidi, na ya ziada inaweza kukaa wiki moja au mbili kwenye jokofu.

Kundi limeingia jana katika mzinga mpya. Nilishe?

Subiri siku mbili au tatu kwanza, kwa sababu kundi lililoingia hivi karibuni na kusumbuliwa huondoka kwa urahisi. Nyuki wanaogawanyika huondoka wakiwa wamejaza asali matumboni, hivyo hawafi njaa siku ya kwanza. Baada ya hapo shira nyepesi ni msaada wa kweli, pengine matumizi yake bora kuliko yote, kwani kundi hilo halina hata sega moja na kujenga nta kunahitaji sukari nyingi mno. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kilo 6 hadi 8 za asali kwa kila kilo 1 ya nta. Lisha mpaka viunzi vitano au sita viwe na masega, isipokuwa kama maua ni mengi, ambapo hawatakuhitaji.

Je, shira itawazuia wasihame?

Inaweza, kama wanahama kwa njaa na umewahi mapema. Nyuki wetu wanaopanga kuhama kwa ajili ya ukame hupunguza kulea wiki kadhaa kabla. Malkia huacha kutaga, majana ya mwisho huanguliwa, akiba huliwa, na asubuhi moja mzinga huachwa mtupu. Ukifungua ukakuta bado kuna mayai, shira ina nafasi nzuri ya kuwabakiza. Ukikuta hakuna yai wala majana, yaelekea uamuzi umekwisha kufanywa. Na kama wanaondoka kwa sababu ya siafu, jua kali lisilo na kivuli, nondo wa nta, nyegere au kufunguliwa mara kwa mara, sukari haitatibu lolote kati ya hayo.

Shira peke yake inatosha?

Shira haina protini, mafuta wala vitamini. Huwapa nyuki wazima nguvu, lakini majana hulelewa kwa chavua, na kundi linalopewa shira mahali pasipo na chavua hata kidogo litaanza kulea na kisha kushindwa. Tazama miguu ya nyuki wanaorudi asubuhi: ukiona vifurushi vya manjano, chungwa au kijivu, chavua ipo na huna la kuhofia upande huo. Maji nayo wayapate karibu, katika beseni lenye mawe, ili wasiende kwenye bomba la jirani.

Je, shira ikijazwa katika masega hugeuka asali?

Haigeuki. Nyuki wataikausha, wataigawa sukrosi yake na kuifunika kwa nta kama wanavyofanya kwa asali, na kwa macho huenda usiitofautishe. Lakini asali kwa maana yake halisi hutokana na mbochi ya maua au utamu unaotoka katika mimea, na ndivyo kanuni ya Codex inavyoieleza. Kanuni hiyo pia huweka ukomo wa sukrosi kuwa gramu 5 katika kila gramu 100 kwa asali nyingi, na maji yasizidi asilimia 20.

Wapo wanaolisha katikati ya msimu ili ndoo zijae haraka, wakiamini kwamba hakuna atakayejua. Maabara hujua. Muwa huikamata kaboni ya hewani kwa njia tofauti na ile ya miti na maua mengi ambayo nyuki huyatembelea, na alama hiyo hubaki katika sukari hata baada ya nyuki kuimeng'enya, hivyo kipimo cha isotopu za kaboni huifichua sukari ya miwa inapozidi asilimia 7 hivi. Asali ya Tanzania huuzwa Ulaya, ambako vipimo kama hivyo ni vya kawaida, na mzigo mmoja uliochakachuliwa huwaharibia jina wafugaji ambao hawajawahi hata kununua mfuko wa sukari.

Kwa mfugaji wa uani anayerina kwa ajili ya familia na majirani, njia ya uaminifu ni nyepesi: weka alama ya kalamu kwenye kila kiunzi au fremu iliyojazwa wakati wa kulisha, na usiirine. Waachie nyuki wale wenyewe.

Sukari ikipanda bei, kuna mbadala?

Mbadala upo kabla ya njaa, si wakati wa njaa. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika Tanzania baada ya mvua za El Niño kuvuruga uvunaji wa miwa, na aliyekuwa na kundi lenye njaa wakati huo alilazimika kuchagua kati ya mzinga na chai ya nyumbani. Aliyeacha masega ya asali msimu uliotangulia hakuwa na uchaguzi huo wa kufanya. Mlonge, alizeti, na mimea ya bustani inayochanua kwa zamu husaidia kidogo, ingawa bustani moja hailishi kundi zima, kwani nyuki hutafuta chakula kilomita mbili tatu na zaidi kutoka mzingani.

Nina nyuki wadogo wasiouma. Nao hulishwa hivyo?

Hulishwa, lakini kwa kiasi kidogo sana. Nyuki hawa, ambao kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimekuwa kikiwafanyia utafiti na ambao kwa ua mdogo wa mjini wanafaa kuliko wenzao, huhifadhi asali katika vijungu vya nta na utomvu badala ya masega. Kundi lililogawanywa hivi karibuni linaweza kupewa mililita 10 hadi 20 za shira nyepesi katika kifuniko cha chupa kilichojazwa vijiti vyembamba, kikiwekwa ndani ya sanduku jioni na kuondolewa kesho yake hata kama hakijaisha. Shira inayobaki na kuchacha, au inayomwagika juu ya majana, huvutia vijinzi vinavyotaga mayai ndani ya sanduku, na funza wa vijinzi hao huweza kuliangamiza kundi dogo ndani ya siku chache. Ziba kila ufa wa sanduku kwa utepe wa karatasi wenye gundi mara tu unapolifunga.